Keki ya Yisel Yavuka Bandari

Idalmis Urrutia alikuwa na mikono miwili tu, na yote miwili ilikuwa chini ya keki. Hivyo ndivyo alivyopanda treni ya Havana pale Matanzas: mlango akiusukuma kwa makalio, njia akiiomba kwa kidevu, na mbele yake keki ya ghorofa tatu iliyopakwa povu la mayai na sukari, rangi ya buluu, bila kifuniko. Kifuniko cha nini? Keki ya binti anayetimiza miaka kumi na mitano hubebwa wazi, mji mzima uione, na wenye vijicho wapasuke.

Binti mwenyewe alikuwa Yisel, mjukuu wake, na sherehe ilikuwa Havana jioni ile. Meza kuu, picha, mapambo, yote yalikuwa yameshikwa na Nereida, mwanamke aliyemnyakulia mume. Idalmis aliachiwa keki. Basi akaapa: keki ile ataingia nayo ukumbini yeye mwenyewe, watu wote wakimtazama.

Sasa Mungu, ambaye kwa mambo ya Idalmis huwa na mzaha wa kilevi, akamweka Fermín kwenye behewa lile lile.

Fermín ndiye huyo mume. Miaka yote ya ndoa yao Idalmis alipiga mayai, akaungua mikono kwenye oveni, na Fermín akapeleka keki kwa wateja. Watu wakamwita Fermín wa Keki, wakamsifu na kumkaribisha bia. Siku moja akapeleka keki ya harusi Havana, asirudi. Alichotuma ni ujumbe: apelekewe viatu vyake vizuri. Na Idalmis, mjinga wa kutupwa, akavipiga rangi kwanza.

Leo Fermín alikuwa amekuja Matanzas kuchukua mguu wa nguruwe wa kuchoma kwa kaka yake, kwa ajili ya sherehe hiyo hiyo.

"Umenenepa, Idalmis," akamsalimu.

"Na wewe umezeeka. Mimi naweza kupungua."

Bibi mmoja mwenye kuku kapuni, Obdulia jina lake, akageuka. "Huyu nani, mwanangu?"

"Ni ugonjwa, bibi. Nilishapona."

Treni, ile ya umeme, ikaondoka ikiyumba kama iliyotoka kilabuni. Katikati ya mashamba ya miwa ikasimama kimya. Kondakta akapita akijipepea kwa kofia.

"Umeme umeondoka, jamani."

"Umekwenda wapi?" Obdulia akauliza.

"Haukuniaga, mama. Mimi si mkewe."

Joto likapanda. Viti vimejaa, sakafuni vikapu na kuku, keki haina pa kutua. Mikono ya Idalmis ikachoka. Ghorofa ya juu ikainama kidogo, kama mlevi anayetaka kusema siri.

Fermín akasimama. "Nipe. Unajua hakuna anayebeba keki kama mimi."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Mwanamume yule hakujua kazi nyingine duniani, lakini kubeba keki alijua: magoti laini, viwiko mbavuni, pumzi taratibu. Idalmis akaangalia ile ghorofa inayoinama. Akilini akamwona Yisel akipuliza mishumaa juu ya mkate.

"Shika. Ukiiangusha nakuzika humu humu kwenye miwa."

Umeme ukarudi, treni ikajikongoja. Idalmis akaketi kwenye kiti cha Fermín, mikono mitupu, na hapo ndipo jambo likamjia kichwani. Mtu huyu maisha yake yote, Idalmis akifungua mdomo, alikuwa akichukua kofia na kutoka. Leo atatokaje?

Akaufungua mguu wa nguruwe ulioachwa pale kitini. Akabandua ngozi iliyokauka vizuri, akamkatia Obdulia, akala.

"Idalmis! Hiyo nyama ya sherehe!"

"Sherehe imeanza. Haya, vile viatu nilivyokupigia rangi, vilikutosha?"

"Si hapa, mbele za watu."

"Mama yangu alipokufa ulikuwa ukicheza domino. Nilipolazwa kujifungua, ukauza godoro. Nikarudi na mtoto, nikalala juu ya mbao."

"Godoro, mzee?" kondakta akaingilia. Tiketi alishazisahau.

"Lilikuwa limechakaa," Fermín akasema. Nzi akamtua puani. Akavuta pua kushoto, akavuta kulia, nzi akatulia kama amelipa nauli.

"Jasho lisidondokee keki, baba," Obdulia akamwonya huku akitafuna.

Wakaendelea hivyo hadi miwa ikaisha na nyumba za kwanza zikaonekana. Mwishowe Fermín akasema kwa sauti ya chini, "Nilikukosea, Idalmis."

Miaka mingi aliyangojea maneno hayo. Alidhani yakija yatakuwa asali moyoni. Alichosikia ni mafuta ya nguruwe vidoleni.

"Ila," Fermín akaongeza, "acha niingie nayo mimi. Nereida ameshawaambia watu keki inaletwa na babu."

Basi kule kuomba msamaha kulikuwa nauli tu. Idalmis akajifuta mikono kwenye shati la Fermín, mbele na nyuma, na treni iliposimama kituo cha mwisho, ng'ambo ya bandari ya Havana, akanyoosha mikono.

"Lete."

"Utachoka."

"Lete, Fermín."

Behewa zima lilikuwa likimtazama. Akampa.

Kwenye kivuko cha kuvukia mjini foleni ilifika barabarani, na watu walikuwa na hasira za jua. Lakini keki ni keki. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Keki ya miaka kumi na mitano! Mpisheni!" Foleni ikapasuka katikati. Idalmis akapita kichwa juu kama askofu.

Nyuma yake Fermín akajipenyeza na mguu wake wa nguruwe uliotafunwa. "Niko naye! Niko naye!"

Mlinzi wa kivuko akamzuia kwa mkono. "Mama, uko naye huyu?"

Idalmis hakugeuka. Keki za ghorofa tatu hazitaki kugeukageuka.

"Nilikuwa naye," akasema, na kuingia kivukoni.