Makopo ya Verner Yaliyosuguliwa

Verner Skaarup, fundi bomba wa Svendborg, Denmark, alikuwa ameficha makopo arobaini ya tumbaku ya kiko chini ya nyumba, yaive kwa miaka thelathini, kwani tumbaku iliyoiva hivyo huuzwa ghali. Sasa paa lake lilikuwa linavuja, na ili apate pesa ya kulitengeneza akaniita mimi, mnunuzi wa tumbaku ya zamani, niyanunue. Niliyakuta yanang'aa.

"Umeyasugua?"

"Yalikuwa na kutu, bwana! Ningekuuzia uchafu?"

Kusugua kutu hutoboa bati, na tumbaku ikipata hewa hukauka. Nikatikisa kopo sikioni. Likachakacha.

"Hili limekufa, mzee."

Akashika meza. "Tikisa mengine."

Nikatikisa moja moja. Yaliyokaa kimya, yenye unyevu wake, yalikuwa kumi na moja tu.

"Hayatoshi paa zima," akanong'ona.

"Yatatosha upande unaovuja," nikasema, nikayalipia.