Samaki Mwenye Magamba ya Kandambili

Ziwa lilipopanda, maji yaliingia nyumbani kwetu Kalemie mpaka kwenye kiti cha cherehani yangu. Yalipoteremka yalituachia uwanja mzima wa takataka: chupa, bidoni za kuchotea maji zilizopasuka, nyavu, na kandambili za mguu mmoja mmoja. Majirani walitaka kuchoma. Mimi ni fundi wa kushona; kitu chenye rangi hakichomwi mbele yangu.

Niliosha zile kandambili, nikazikata vipande vya magamba. Mume wangu, mvuvi tangu ujana wake, alinikuta nazishona kwenye wavu.

"Mama, njo nini hii?"

"Samaki. Yule wa kwenye mawe, anayebeba watoto wake kinywani."

Alimzunguka yule samaki akimkagua. "Basi kinywa ulichokata kwenye bidoni ni kidogo. Watoto wataingilia wapi?" Akachukua kisu, akapanua bidoni mwenyewe. Kesho yake alileta waya, akakunja mbavu. Tulipomaliza, samaki wetu alikuwa mrefu kama mtumbwi, na kinywani alijaa watoto niliowatengeneza kwa vizibo vya chupa.

Tulimsimamisha ufukweni, pale wavuvi wanaposhushia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mama mmoja muuza samaki aliinama, akagusa gamba la kijani.

"Hii kandambili ni yangu. Tundu hili nililitoboa na musumari."

Nikamuuliza kama anataka nimfumulie.

"Acha ikae. Hapo imepata kazi nzuri kuliko mguu wangu."

Watu walicheka, wakasogea. Mvuvi mmoja kijana hakucheka. Alichungulia kinywani kwa muda mrefu, kisha akamuuliza mume wangu, "Papa, hawa wadogo njo wale tunakokota na chandarua?"

"Njo wao," mume wangu akakubali.

Yakazuka mabishano juu ya kuvua kwa vyandarua vinavyozoa hata watoto wa samaki. Wengine walisema njaa haichagui samaki. Lakini siku chache baadaye yule kijana alikuja kwangu na chandarua chake begani, akakiweka juu ya meza.

"Mama, shona na hii."

Nilikikunja kikawa mapezi, mapana, yanayopepea upepo ukivuma kutoka ziwani. Siku hizi majirani hawachomi tena. Wanamwaga takataka zao mlangoni kwangu. Nimeanza kumtengeneza kiboko kwa matairi, na miguu miwili tayari inasimama.