Bendera Kwapani

Kama kuna mtu aliyewahi kuonewa na baiskeli hapa duniani, basi ni Dobi. Wala sisemi hivyo kwa kumtetea. Mtu mwenyewe ana hasira za karibu, akikuunguzia shati anakununia wewe mwenye shati. Lakini lililompata kwenye mbio zile, jamani, hata mimi nikilisimulia nachukia upya.

Duka lake ni chumba kimoja chenye mlango wa chuma unaokwama. Ndani kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, moja ya mvuke na nyingine ya kungojea ile ya mvuke iharibike, na waya uliovutwa kutoka ukuta hadi ukuta, umejaa mashati ya watu wa ofisini. Kutwa amesimama. Ukisimama hivyo miaka nenda miaka rudi, magoti yanakudai haki yao, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kudai kwa kelele. Daktari akamwambia achague: apunguze kusimama au aache baiskeli. Kusimama ndiko kunakoleta chakula nyumbani, kwa hiyo hukumu ikaiangukia baiskeli.

Akamwahidi mkewe kwamba mbio za mwaka huu ndizo za mwisho.

"Umesema mwenyewe, baba watoto," mkewe akamwambia. "Kesho usije ukasema nimekukataza."

Mkewe ni mwalimu wa chekechea, na mtaa mzima unamwita Mwalimu. Ni mcheshi, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia, na kazi yake ni kupiga makofi. Mtoto kafunga kamba za viatu, makofi. Mtoto kamaliza uji, makofi, tena ya kurukaruka. Baiskeli, hata hivyo, haikuwahi kupigiwa kofi hata moja. Jumapili alfajiri Dobi anaondoka, adhuhuri anarudi ananuka jasho, anakula kama katoka kifungoni, analala.

"Umekuwa wa ngapi?" Mwalimu humuuliza.

"Katikati."

Katikati yenyewe ilikuwa ile inayoelekea nyuma. Mwalimu hakuwahi kwenda kutazama, na Dobi hakuwahi kumsihi, maana angemwalika aje kuona nini? Mgongo wa mumewe umepotea katikati ya migongo ya waume za watu? Lakini mwaka huu alikuwa na jambo moja moyoni kabla hajaitundika baiskeli. Alitaka kumaliza na kundi la mbele. Hapana, nisiwe mwongo: alitaka kuwa wa kwanza. Mara moja tu, na mkewe akiwa anaona.

Sasa, chama chao cha baiskeli ni cha watu wa kawaida, mafundi, makarani, wenye vibanda, na hakina watu wa kuongoza njia. Kwa hiyo sheria ni kwamba kila mshindani aje na mtu wake mmoja wa kusimama barabarani. Huna mtu, hukimbii. Dobi alizoea kumleta jirani yake fundi saa, na fundi saa mwaka huu alikuwa safarini. Ikabidi ambembeleze Mwalimu. Mwalimu akavuta midomo weee, mwishowe akakubali, kwa kuwa ndiyo mwisho wa mambo hayo.

Asubuhi ya mbio Mwenyekiti, ambaye ni mwuza dawa na husema na kila mtu kama anampa maelekezo ya vidonge, akawagawia waongozaji vizibao vya njano na bendera nyekundu. "Simama katikati ya barabara isiyotakiwa," akawaambia. "Izibe kwa mwili wako. Bendera ielekeze inayotakiwa. Na usisogee. Hata aje nani, usisogee."

"Sisogei," Mwalimu akajibu, kizibao kinampwaya hadi magotini. Akapelekwa njia panda ya kiwanda cha mbao, ya mwisho kabla ya kumaliza. Pale zamani walikwenda moja kwa moja. Mwaka huu barabara hiyo ilichimbwa mbele kidogo, mabomba ya maji yanalazwa, kwa hiyo wapinde kushoto.

Mbio zikaanza. Kila mtu macho yake kwa Injini, mwuza vipuri, ambaye hushinda kila mwaka na baiskeli yake ni nyepesi kuliko pasi ya Dobi. Kundi likaenda limembana Injini, hakuna anayetaka kutangulia na kupigwa upepo, wote wamejificha nyuma ya migongo ya wenzao, wakiviziana. Kwenye kimlima cha tangi la maji mwendo ukapoa kabisa. Na goti la Dobi, likienda polepole ndipo linapouma. Basi akapita pembeni, kwa ajili ya goti tu, hana hili wala lile.

Nyuma akasikia mtu anasema, "Mwacheni Dobi, anawahi nguo za mteja."

Wakaangua kicheko.

Kicheko hicho kilimwingia mahali pabaya. Angeweza kurudi akacheka nao, kama kawaida yake. Akakataa. Akashuka kile kimlima mwili wote umelala juu ya usukani, akavuka daraja, akapita maghala, na alipogeuka hakuona mtu. Akadhani amekosea. Akageuka tena. Wako kule, wadogo, bado wanaviziana! Akajikaza kisabuni, na hilo kwa kazi yake analijua. Mapafu yakawaka, goti likapiga kelele, akaliambia linyamaze, litapumzika maisha yake yote yaliyobaki.

Ungeuliza pikipiki ya kutangulia ilikuwa wapi. Ndiyo, ilikuwepo pikipiki ya kumtangulia aliye wa kwanza. Ilikuwa na Injini. Mwendeshaji alijua mshindi atatoka pale, atajisumbua kumfuata Dobi kwa lipi?

Akaiona njia panda. Kiwanda kimefungwa kwa kuwa ni Jumapili, hakuna mtu wala mbwa, ila mwanamke mmoja wa kizibao cha njano, katikati ya barabara, bendera mkononi, kasimama kama alivyoagizwa. Dobi akamwona anakinga jua kwa kiganja. Akamwona anainama mbele kidogo, kutazama vizuri. Halafu akamwona anaruka.

"Mume wangu!" Mwalimu akapiga ukelele. "Mume wangu huyo! Wa kwanza! Jamani, wa kwanza!"

Alikuwa akimtangazia nani, sijui. Bendera akaibana kwapani apate mikono miwili ya kupiga makofi. Na kwa kuwa mume anakuja kwa kasi na yeye yuko katikati, akasogea pembeni ampishe, makofi juu ya kichwa, anaruka na kizibao chake. Miaka yote hiyo Dobi hajawahi kusikia mtu akimwita barabarani. Na mwongozaji njia akikupisha, maana yake ni nini kama si pita? Akapita. Moja kwa moja.

Njia mpya ilielezwa asubuhi, ni kweli. Mwenyekiti aliieleza kwa walio mbele, na Dobi alikuwa nyuma anakaza kiti chake. Hakushughulika kwenda kusikiliza. Tangu aanze mbio hajawahi kuhitaji kujua njia, alifuata migongo tu.

Nyuma yake sauti ya mkewe ikazidi. Inapanda, inapasuka, inakaribia kulia. Dobi akasema moyoni, leo ameniona. Kadiri Mwalimu alivyopiga kelele, ndivyo Dobi alivyozidi kukanyaga. Mwalimu akamkimbiza mpaka kandambili moja ikachomoka, mtu huyo anayeyuka tu mbele ya macho yake, na kundi la akina Injini linatokea nyuma yake. Ikambidi arudi mbio mahali pake. Safari hii akasimama barabara, bendera ikaelekea kushoto, wote wakapinda.

Dobi akafika kwenye handaki. Barabara imekatwa kama mkate, mabomba yamelazwa, na mlinzi kakaa juu ya rundo la udongo.

"Mzee," mlinzi akasema, "labda uruke."

Sitaki kueleza alichojibiwa.

Aliporudi njia panda, Mwalimu alikuwa bado katikati, mguu mmoja una kandambili na mmoja hauna, machozi yanamtiririka, bendera imenyooka kushoto haitikisiki. Wakatazamana. Dobi alikuwa na maneno mengi mdomoni na yote ya kuumiza. Akayameza, akapinda kushoto.

Alipomaliza, watu walishaanza kukunja viti. Injini alikuwa anapigwa picha. Wakamwuliza kulikoni, maana wote walijua yuko mbele na hakuna aliyempita, akawaeleza kwa ufupi, na hapo ndipo palipozaa balaa. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Kapotezwa na mkewe! Wenzake wanapotezwa na wake za watu!" Dobi akatabasamu kwa meno tu. Damu inamchemka mpaka masikioni.

Gari la waongozaji likafika. Mwalimu akaruka kabla halijasimama, akaenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti.

"Kosa ni langu. Nilisogea. Bendera sikuionyesha. Mume wangu alikuwa wa kwanza, mwandike."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mwalimu, nakuelewa. Mshindani akipotoshwa na mwongozaji anaruhusiwa kulalamika, tena tunampa nafasi yake. Lakini shahidi asiwe ndugu yake. Wewe ni mkewe. Tukikubali, mwakani kila mtu atapotea na kila mke atakiri."

"Lakini ni kweli!"

"Sijasema ni uongo. Kuna mwingine aliyeona?"

Hakuna. Mwenyekiti akamgeukia Dobi. "Na wewe, asubuhi nilieleza njia. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo nyuma," Dobi akasema.

"Ahaa," Mwenyekiti akasema, akarudisha miwani.

Injini, nimpe haki yake, alikuja akamshika bega. "Kaka, leo ulituacha kweli. Hatukukuona tena."

"Basi mwambie Mwenyekiti! Wewe si mke wangu!"

Injini akakuna shingo. "Aa, kaka. Kuona ulitangulia, tuliona. Pale njia panda sikuwepo, nitasema nini? Na picha wameshapiga. Yameisha hayo."

Yameisha! Kwake yameisha, yeye ana za mwaka jana na mwaka juzi, na mwakani atapata nyingine. Dobi akachukua baiskeli yake akaondoka bila kuaga. Mwalimu akamfuata kwa kandambili moja, kizibao cha chama bado amekivaa, hakuna aliyekumbuka kukidai. Wakatembea mtaa mzima. Wakapita maduka yaliyofungwa, wakapita kituo cha mafuta. Kwenye ukuta wa shule yake Mwalimu akashindwa kuvumilia.

"Sema basi. Nigombeze. Hivi unavyonyamaza unanitesa."

Dobi akasimama. "Uliambiwa usisogee."

"Niliambiwa."

"Hata aje nani!"

"Niliambiwa, baba watoto."

"Sasa kitu gani kilikutoa pale? Bendera ilikuwa mkononi, nimeiona kwa macho yangu! Wenzako wote wamesimama na bendera zao mpaka mwisho, wewe peke yako ndiye uliyepagawa!"

Mwalimu akajifuta uso kwa ncha ya kizibao. Hakuwa anajitetea tena. Alikuwa amechoka, na alisema kama mtu anayesema lililopo tu.

"Nilijiandaa kwa Injini," akasema. "Asubuhi nzima nilikuwa naona vile atakavyokuja Injini, na mimi nanyoosha bendera, anapinda. Halafu wanakuja wenzake. Halafu baadaye kabisa unakuja wewe, nakupungia. Angekuja yeye nisingesogea hata unyayo. Kwamba utakuja wewe mbele, peke yako… hilo sikulifikiria kabisa. Nisamehe. Halikunijia hata kidogo."

Dobi akafungua mdomo amwambie jambo kubwa sana, jambo la kukaa siku nyingi. Akamtazama mkewe, mguu wake mtupu umejaa vumbi la njia panda. Akayakumbuka maelezo ya asubuhi, na yeye kule nyuma anakaza kiti, akitegemea kufuata migongo ya walio mbele.

"Na mimi," akasema, hasira ikiwa ileile, haijapungua hata tone. "Na mimi nilijiandaa kwa Injini."