Nilivyoharibu silver nitrate ya mtihani kwa maji ya Ziwa Tanganyika

Wakuu, salaam. Haya ni ya kweli, na kwa kuwa yananiaibisha mwenyewe, sina faida ya kuongeza chumvi.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wengi Kigoma, mimi nilikuwa fundi wa maabara sekondari moja pale mjini. Nimetoka Singida, ajira mpya, kiburi kipya.

Siku ya kisa hiki, kesho yake kidato cha nne walikuwa na practical ya kemia. Silver nitrate tuliyokuwa nayo ni kichupa kimoja.

Kwa mliosahau, ni AgNO3. Silver moja, nitrogen moja, oxygen tatu. Chembe nyeupe, zinayeyuka vizuri kwenye maji. Mwanga unaiharibu, na ikigusa ngozi utatembea na weusi wiki nzima. Ikikutana na kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi, maji yanageuka maziwa. Ndiyo kazi yake kwenye practical.

Distilled water ilikuwa imeisha. Nikaona si tatizo, ziwa lipo.

Kwetu Singida maji ya kisima yana chumvi mpaka chai inakataa sukari. Ya Tanganyika matamu, unaona hadi mawe ya chini. Nikamtuma kibarua aliyekuwa anapaka chokaa madarasa yetu, akachota ndoo ufukweni Bangwe. Nikachemsha, maana mimi ni mtaalamu.

(Kuchemsha hakuondoi kloridi. Nilijua hata siku ile.)

Yalipopoa nikayamimina kwenye chupa kubwa, nikatia kichupa chote. Chupa nzima ikawa maziwa.

Wanafunzi arobaini wanasubiri kesho asubuhi, na mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi. Niliogopa, wakuu. Nikaibeba nikaimwage, halafu niseme dawa ililetwa mbovu.

Yule kibarua akanizuia mlangoni, brashi mkononi.

"Oya, hapana, mwalimu, usimwage! Kloridi ya ziwa ni ndogo. Imekula silver kidogo tu, nyingine bado imo. Iache itulie gizani, kisha uchuje."

Kumbe kwao Burundi alikuwa mwalimu wa kemia. Miezi mitatu nilikuwa namwita "wewe wa chokaa", naye umri wake ni wa baba yangu.

Tukaifungia kabatini. Jioni maziwa yameshuka chini, juu maji maangavu. Tukachuja, tukajaribu na chumvi ya jikoni, ikawa nyeupe papo hapo.

Practical ikaenda salama. Mkuu wa shule, aliyekuwa amesikia dawa nusura iharibike, akanisimamisha mbele ya walimu, akauliza nimeiokoaje. Nikaeleza hatua zote, vizuri kabisa, nikaacha kumtaja mtu mmoja.

Alikuwa nje ya dirisha la chumba kilekile, anapaka ukuta. Hakugeuka.

Mimi nikathibitishwa kazini. Yeye wiki iliyofuata akarudishwa kambini, na sikwenda kumtafuta. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

Funzo: maji matamu si distilled. Na aliyekuokoa mtaje siku hiyohiyo, akiwa anasikia.

Mliowahi kunyamaza kama mimi, tiririkeni hapa chini. Na kama kuna anayemfahamu, anaitwa Mwalimu Melkiori.