Ukipata Nafasi

Mume wangu ni fundi umeme wa hospitali, na watu wamempanda kichwani. Simu ikilia tu, huyoo! Kiyoyozi cha mkurugenzi, balbu ya stoo, pasi ya dobi. Anayepiga kelele zaidi ndiye anayehudumiwa kwanza. Nyumbani anarudi hoi, anasinzia na kijiko mkononi.

Mimi nilikuwa na uvimbe shingoni. Nikamwambia, "Baba watoto, ukipata nafasi, nisindikize kwa daktari." Akasema wiki hii hii. Wiki zikapita. Kwenda peke yangu? Thubutu! Mdomo ninao, lakini kwa hilo nilikuwa mwoga, nasema wazi.

Siku moja akarudi, hata chakula hakukigusa. Muuguzi wa wodi ya watoto njiti, dada mpole sana, alikuwa amemwambia asubuhi, "Kaka, ukipata nafasi, kitanda chetu kimoja hakitoi joto." Yeye akaanza na kiyoyozi cha mkurugenzi. Alipofika wodini mchana alimkuta mama mmoja amemfunga mwanawe kifuani kwa shuka, amekaa hivyo muda wote akiogopa hata kukohoa. Mtoto alikuwa salama. Aliyetetemeka ni mume wangu.

"Yule mama hakunilaumu," akaniambia. "Afadhali angenitukana."

Tangu hapo, kila anayepiga simu anaulizwa, "Nisipokuja leo, nani ataumia?" Wengine walinuna. Mkurugenzi aliguna, kisha akakiri kwamba yeye atatoka jasho tu.

"Basi fungua dirisha, bosi."

Hee, mume wangu huyu huyu! Kazi hazikupungua hata moja, ila sasa zilijua kupanga foleni, naye akaanza kufika nyumbani mapema.

Jioni moja nikamwambia mlango wa kabati umelegea. Akaniuliza huku akicheka, "Nisipoutengeneza leo, nani ataumia?"

Sikucheka. "Mlango hauna neno," nikasema. "Niulize lile lingine."

Akaniangalia shingoni. Kicheko kikamwisha.

Asubuhi tuliketi kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Simu yake ikalia, na sauti ya mkurugenzi niliisikia hadi nilipokaa. "Leo siwezi, bosi," akajibu. "Nina mgonjwa." Akaizima.

Nikaitwa. Akasimama haraka kama kawaida yake. Mimi nikang'ang'ania benchi, machozi yakanitoka. Akaketi tena, akanishika mkono, akanisubiri.