Kosa kwenye Ubao wa Isihaka

Mjini Kasulu ubao wa Isihaka ulijulikana. Ulikuwa umeegemezwa mlangoni pa duka lake la vifaa vya ujenzi, na kwa miaka mingi ulibeba bei za mabati, misumari na saruji, basi. Septemba ya mwaka 2015 bei zikafutwa. Mahali pake Isihaka akaandika kwa chaki, herufi kubwa: KOMBE LA DUNIA LA RAGA, KUNDI C. Chini yake zikapangwa New Zealand, Argentina, Tonga, Georgia, na mwisho kabisa Namibia. Watu waliotoka Heru Juu kufuata misumari walisimama wakasoma, wakaulizana kama mzee amepatwa na nini.

Mkewe Firdausi hakumung'unya maneno. "Baba Saady, watu wanataka kujua bati geji thelathini ni shilingi ngapi. Hiyo Tonga wataezekea nyumba gani?"

"Wataniuliza kwa mdomo," Isihaka akajibu, akaendelea kuchora mistari.

Raga si mchezo wa Kasulu. Huku watu ni Simba na Yanga, na ukiwaambia habari ya mpira wenye umbo la yai wanakucheka usoni. Isihaka aliukuta Bujumbura mwaka 1989, alipokuwa utingo wa lori. Injini ilikufa, kipuri kikasubiriwa miezi mitatu, na jioni, kwa kukosa la kufanya, alikwenda kutazama vijana wakikumbatiana na kusukumana uwanjani. Mara ya kwanza alidhani wanapigana, akainuka kwenda kuamua. Aliyemshika mkono akamkalisha chini, akamweleza sheria moja baada ya nyingine, alikuwa mchezaji aliyeumia goti, jina lake Reverien Nsengimana. Urafiki wao ulianzia hapo, kwenye nyasi, kwa kicheko.

Vita vilipomtoa Reverien kwao aliangukia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, nje ya Kasulu, akakaa huko karibu miaka kumi na minane. Alifundisha shule ya kambini, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuvumilia kosa. Kombe la Dunia la 2011 lilipokuwa likichezwa, Isihaka alisema dukani mbele ya watu kwamba timu ikifungwa imefungwa, haipati kitu. Maneno yakafika kambini kwa mdomo wa muuza maharage. Kesho yake asubuhi, Reverien huyo hapo mlangoni, vumbi mpaka magotini, katembea njia yote kwa goti lake bovu. Hata maji hakuomba.

"Isihaka, usipotoshe watu. Kwenye hatua ya makundi, anayefungwa kwa tofauti ya pointi saba au pungufu, anapewa pointi moja kwenye msimamo. Kwa sababu alikaribia. Kukaribia nako ni kitu."

Ndipo akanywa maji.

Mwaka uliofuata ikaamuliwa kambi ya Mtabila ifungwe na watu warudishwe Burundi. Wiki chache kabla ya malori kuanza, Reverien alikuja tena dukani, na safari hii hakuja kusahihisha mtu. Alikuja na binti yake Ndayikeza, aliyezaliwa palepale kambini, akaomba jambo moja: yeye na mkewe na mtoto wafichwe stoo, nyuma ya mifuko ya saruji, mpaka zoezi lipite. Isihaka alimtazama rafiki yake, akaitazama leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani, akaogopa. Tuliseme hivyo hivyo, aliogopa.

"Sheria ni sheria, ndugu yangu," akasema. "Nenda. Mambo yakitulia utarudi."

Siku ya malori alikwenda Mtabila na mablanketi mawili na mfuko wa mchele. Alipokwisha kuvikabidhi hakuondoka. Alisimama juani tangu asubuhi mpaka lori lao lilipotoka, saa kumi na moja jioni. Reverien alimpungia kutoka juu. "Basi 2015 tutajadili makundi!" akapaza sauti. Simu yake iliita kwa mwaka mmoja na kitu, kisha ikakoma kuita.

Majuto ni mjukuu, wanasema wahenga, na wa Isihaka alikuwa anatembea naye kila aendako. Mwezi wa tano mwaka 2015 Burundi ilipochafuka tena na watu wakafurika kambi ya Nyarugusu kwa maelfu, alianza kutafuta. Aliuliza stendi, akauliza hospitali, akauliza getini kambini. Akina Nsengimana walikuwa mamia, na majina hayatolewi kwa kila anayeuliza. Alitaka kujua jambo moja tu, kama Reverien yuko hai, ili amwangukie amwombe radhi.

Hapo ndipo akili ya ubao ilipomjia. Chini ya majina ya timu aliandika mstari mmoja mnene: ANAYEFUNGWA HAPATI POINTI HATA MOJA. Kila dereva wa malori ya chakula cha wakimbizi aliyepita dukani aliagizwa: "Ukifika huko waambie, Isihaka wa Kasulu anasema anayefungwa hapati kitu." Madereva walicheka, lakini walisema.

Aliyekasirika ni Venanti, seremala wa ng'ambo ya barabara. Huyu raga aliijulia palepale dukani, kwenye king'amuzi cha Isihaka, na alikuwa mtu wa Afrika Kusini damudamu. Jioni za Septemba hawa wawili walikuwa na mjadala usiokwisha. "Kundi B tumeshamaliza," Venanti alikuwa akisema. "Samoa wataumiza watu, Scotland wana ubishi, lakini hawatufiki. Japan tutawanywa na chai." Jumamosi ya mechi yao Japan wakawafunga 34 kwa 32, dakika za mwisho kabisa. Venanti hakufungua karakana siku mbili. Ya tatu alivuka barabara moja kwa moja mpaka kwenye ubao.

"Futa uongo huu! Afrika Kusini wamefungwa na wamepewa pointi mbili. Moja ya kufunga trai nne, moja ya kufungwa kwa karibu. Unajua fika!"

"Najua."

"Sasa?"

Isihaka akamweleza yote, stoo, leseni, lori, jua. Venanti alisikiliza akigeuzageuza penseli yake ya seremala. Asili yake mwenyewe ilikuwa Burundi, wazazi wake waliingia Kasulu mwaka 1972 wakiwa na mikono mitupu, na akapata uraia ukubwani. "Uache basi," akasema mwishowe. "Ila Mungu atusamehe."

Namibia walipigwa na New Zealand 58 kwa 14. Tonga wakawapiga 35 kwa 21. Tangu waanze kucheza Kombe la Dunia hawajawahi kuondoka na pointi hata moja ya msimamo, na sasa matumaini yote yalibaki kwenye mechi ya Georgia, maana kuwafunga Argentina hakuna aliyekuota. Isihaka aliisubiri mechi hiyo kama mgonjwa anavyosubiri majibu ya vipimo. Jumatano usiku umeme ukakatika. Matokeo aliyapata alfajiri kwenye redio: Georgia 17, Namibia 16.

Alitoka akayaandika. Kwenye safu ya pointi za Namibia mkono ulisita, kisha akaandika 0.

"Isihaka, hiyo sasa ni dhambi," Venanti alisema. "Wamekosa ushindi kwa pointi moja. Pointi ya kwanza katika maisha yao, nawe unawanyang'anya?"

"Sifuti. Mwenye kuifuta yupo."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu aanze kutafuta, na moyoni alikwisha kuanza kujiambia kuwa asiyekuwapo na lake halipo.

Saa nne msichana mmoja aliyejifunga kitenge alisimama mbele ya ubao. Alikuwa na karatasi ya kibali cha kutoka mkononi, amemsindikiza jirani yake wa kambini na mtoto mgonjwa hospitali. Alisoma yote, tangu juu mpaka chini, polepole.

"Amahoro, mutama," akamwamkia Isihaka kwa Kirundi. "Hapa pana kosa. Anayefungwa kwa saba kushuka chini anapata moja. Namibia wana moja."

Isihaka hakumtazama yeye. Alitazama nyuma yake, barabarani, akitafuta mtu anayechechemea. Barabara ilikuwa na bodaboda mbili na mama wa ndizi.

"Mwanangu, nani alikufundisha?"

"Data. Baba yangu, Reverien. Dereva alileta yale maneno yako kambini, nikajua ni wewe. Nilisema kabla hawajatuhamisha lazima nifike."

"Yuko wapi?"

Ndayikeza alikunja kibali chake mara mbili. "Tulimzika Kagunga, mwezi wa tano. Tulikuwa watu wengi pale ufukweni mwa ziwa, maji safi hakuna. Kuharisha kulimchukua siku mbili. Meli ya kutuvusha kwenda Kigoma ilikuja siku ya tatu."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Isihaka alikaa juu ya mfuko wa saruji. Firdausi alikuwa ametoka ndani, akasimama, mkono mdomoni. Venanti alivua kofia.

"Mimi ndiye niliyemwambia nenda," Isihaka alisema. "Mlikuja mkaomba stoo. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na sita."

Kisha msichana akaendelea, akiangalia ubao, si mzee.

"Mama alikulaumu sana. Hata leo hajaacha. Data alikuwa anamkatalia. Anasema, Isihaka alishindwa, siwezi kudanganya kwamba hakushindwa. Lakini mlimwona amesimama juani kutwa nzima. Alikaribia. Huyo mpeni pointi yake."

Isihaka alilia mbele ya mkewe, mbele ya jirani, mchana kweupe, dukani kwake. Firdausi hakumnyamazisha. Alimshika Ndayikeza mkono akamwuliza wanahamishiwa wapi, naye akasema Nduta, Kibondo, kesho asubuhi, yeye na mama yake, kwenye mahema.

"Tutafika," Firdausi alisema. "Wewe mwambie mama yako tutafika, hata akitufukuza."

Venanti aliokota kipande cha chaki akampa msichana. Ndayikeza alifuta ule mstari wa uongo kwa ncha ya kitenge chake, kisha akafuta sifuri ya Namibia, akaandika 1, akairudia ikolee.

Isihaka aliitazama ile moja. Alitaka kusema haistahili, kwamba kusimama juani si kitu mbele ya stoo iliyofungwa. Lakini mtu wa kubishana naye juu ya hilo alikuwa amelala Kagunga, na maisha yake yote hakuwahi kuacha kosa lipite.