Shangazi yangu alivyogoma kula barabarani Bangkok (safari yangu ya kwanza ya mbali, kutoka Gisenyi)

Wakuu, salamu kwenu wote, hasa mnaosoma hapa huku bosi amegeuka upande mwingine.

Kuna mdau aliuliza kwenye uzi mwingine, mtu anajisikiaje akitua Asia kwa mara ya kwanza. Majibu niliyoyaona ni ya watu waliosimuliwa. Mimi nilienda kwa miguu yangu, kwa hiyo nawapa yangu kama ilivyokuwa. Chumvi sitaongeza, mtaikuta humo ndani kwenye supu.

Ni miaka ya tisini mwishoni. Mimi nimezaliwa Mwanza, wazazi wangu walikuwa wakimbizi. Tulirudi Rwanda nikiwa nimemaliza form four, na Kiswahili changu cha Mwanza kilichokuwa kinachekwa na Gisenyi nzima. Nikafikia kwa shangazi yangu, dada yake baba, nyumbani kwake mtaa wa Mbugangari. Wote walimwita Mama Zawadi.

Shangazi alikulia Goma, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo, leo yuko huku kesho kavuka mpaka, na Jumapili hakosi misa Nyundo hata mvua inyeshe vipi.

Kwa wasiojua: kwa Wanyarwanda, shangazi ndiye mwalimu wa adabu. Sasa huyu wangu alikuwa mwalimu mkuu. Hapigi kelele. Ukimsalimia mtu mzima mkono mmoja uko mfukoni, anakutazama tu mpaka mkono unatoka wenyewe.

Mzigo wake mkubwa ulikuwa gauni nyeupe za komunyo ya kwanza. Mwaka uliotangulia alileta za Kampala, zikafuliwa mara moja zikawa rangi ya chai ya maziwa. Akina mama walimzunguka nje ya kanisa, na aliaibika mno.

Palepale akawaahidi kwamba mwaka unaofuata watoto wao watavaa gauni ambazo hawajawahi kuziona. Baadaye rafiki yake wa Goma akamwambia vitu hivyo viko Bangkok. Kwa hiyo safari ilikuwa ni ya hilo tu: kupata fundi, ashone kwa mfano wa gauni moja ambalo shangazi alilibeba ndani ya begi la mkononi na hakuliachia mpaka tunafika. Akikosa, hakuna mama wa Nyundo atakayemwamini tena.

Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya Kiingereza. Mambo yakienda vizuri, nitakuwa msafiri mwenzake. Yakienda vibaya, narudi kubeba marobota yake ya nguo mpakani. Nilikuwa na sababu zangu za kuomba Mungu.

Ndege sitaisimulia sana. Niseme tu nilikaa dirishani na sikufumba jicho. Hata mawingu niliyaangalia kama mtu anayelipwa kuyaangalia. Shangazi alisali rozari mpaka tulipobadilisha ndege, akaanza upya.

Kutoka nje ya uwanja, lile joto! Gisenyi jioni tunavaa sweta, na shangazi alishuka na sweta lake la sufu. Nikamshauri alivue, akaniambia mtu hawezi kuvua nguo mbele ya wageni. Alilivua ndani ya teksi, kwa aibu, kama vile amenyang'anywa.

Wakuu, ule mji. Barabara imepanda juu ya barabara, na juu yake tena wanasimamisha nguzo za zege, nikaambiwa kuna treni itapita huko. Treni, hewani! Mimi ambaye sifa yangu kubwa ilikuwa kupanda ile ya Mwanza kwenda Dar.

Pikipiki zimebeba wadada waliokaa upande, wamekunja mikono, wala hawashiki kitu. Bajaji zimewaka taa za kila rangi kama harusi. Kwenye mto, mitumbwi myembamba yenye injini ya gari kabisa, imening'inia nyuma na mhimili wake mrefu. Nilifikiria wavuvi wetu wa sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, wangeiona hiyo injini, wangeacha kupiga kasia siku hiyohiyo.

Nilikuwa na furaha mpaka mashavu yanauma. Kila kona nasema, "Shangazi, ona," naye ananiambia nifunge mdomo, vumbi litaingia.

Hotelini binti wa mapokezi akatuunganishia viganja kifuani, akainama. Ndivyo wanavyosalimiana kule. Shangazi akadhani tunaanza sala. Akapiga ishara ya msalaba, akajibu "Amina" kwa sauti ya kanisani. Binti akainama tena. Wakapendana tangu siku hiyo.

Tatizo likaja kwenye chakula.

Bangkok watu wanakula nje, kila mahali. Mtu kavaa tai, kakaa kwenye kigoda cha plastiki kando ya barabara, anavuta tambi kwenye bakuli. Mabinti wanatembea wanatafuna. Soda wanakumiminia kwenye mfuko wa nailoni wenye barafu, unafungwa raba, unachomekwa mrija, unaondoka nao unaning'inia kidoleni. Na harufu, jamani. Kitunguu saumu, samaki wa kuchoma, nazi.

Sasa kwetu Rwanda mtu mzima hali mbele ya macho ya barabara. Kula ni ndani, mlango umerudishwa. Ukionekana unatafuna njiani, habari inafika nyumbani kabla yako.

Nilipojaribu kusogelea mkokoteni mmoja, shangazi akanishika kiwiko. "Mutu muzima hawezi kula mu njia," akasema. "Batu banaweza sema hatuna kwetu."

Nani anatujua hapa, nilijiuliza, lakini kimoyomoyo. Tukanunua mikate na ndizi, tukala chumbani, mlango umefungwa kwa ufunguo, pazia limevutwa. Chini ya dirisha letu mji mzima ulikuwa unakula. Nilitafuna ule mkate nikiusikiliza.

Kesho yake tukaenda soko la Pratunam. Hapo nguo zimepandana mpaka unakosa anga. Tukazunguka, mafundi wanatikisa vichwa, mpaka tukafika kwa mama mmoja aitwaye Noi, mwenye kibanda cha cherehani kwenye kichochoro. Kiingereza chake na changu vilikuwa vinalingana kwa ubovu, kwa hiyo tulielewana sana.

Noi alilishika lile gauni la shangazi kama mtoto mchanga. Akaligeuza ndani nje, akapapasa mishono, akatoa kitambaa cheupe kutoka kabatini. Shangazi akakivuta, akakilowesha mate, akakisugua. Kikabaki cheupe. Akanitazama, macho yamejaa.

Halafu Noi akavuta vigoda nje ya kibanda, pale wanapopita watu, akaagiza mabakuli ya supu kwa jirani yake mwenye mkokoteni. Tukae, tule kwanza, halafu tuongee.

Shangazi akasema niseme tumeshiba. Nikasema. Noi akacheka, akasukuma kigoda karibu zaidi. Shangazi akarudi hatua nyuma, akakumbatia begi lake. Noi akaomba tena. Shangazi akatikisa kichwa.

Hakuna aliyegombana. Ila uso wa Noi ulifungwa. Akalikunja gauni taratibu, akaturudishia kwa mikono miwili, akasema ana kazi nyingi mwezi huu. Akarudi kwenye cherehani yake.

Tulirudi hotelini. Ile furaha yangu yote iliniporomoka, nikaona marobota ya mpakani yananisubiri.

Shangazi alikaa kitandani na gauni mapajani. Mimi sijawahi kumfundisha shangazi kitu chochote. Lakini nikamuuliza, "Shangazi, nyumbani kwako mgeni akikataa hata kuonja, wewe unaelewaje?"

Kwetu jibu linajulikana. Mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Baada ya hapo mgeni akikataa, amekwambia wewe ni mchawi.

"Lakini ule mama hakuonja," akasema, akijitetea.

"Ulimpa nafasi, Shangazi?"

Alinitazama ule mtazamo wake. Safari hii hakukuwa na mkono wa kutoa mfukoni, nikabaki nimetulia.

Asubuhi alivaa kitenge chake cha misa. Tulipofika, Noi alituona akainamisha kichwa kwenye mshono. Shangazi hakusubiri kukaribishwa. Akavuta kigoda mwenyewe, akakaa palepale kwenye kichochoro, ila ameelekea ukutani na mgongo ameupa barabara, kipande cha kitenge amejifunika kichwani kama anayeungama.

Noi alisimama. Akaangalia ule mgongo kwa muda. Akaleta bakuli la tambi, akachukua kijiko, akachota supu kidogo, akaionja. Pengine alikuwa anapima pilipili kwa ajili ya wageni, sikumuuliza na sitaki kujua.

Shangazi aliona. Kitenge kikateleza kichwani.

"Ona," akaniambia polepole. "Ameonja kwanza. Huyu, mama yake alimufundisha."

Akala. Na mnajua watu wa Goma na pilipili. Akanyooshea kidole kile kichupa chekundu, akaongeza, akaongeza tena, mpaka mwenye mkokoteni akaja kushuhudia. Noi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha gauni. Kabla bakuli halijaisha, shangazi alikuwa amegeuza kigoda, anaangalia watu wanaopita na anauliza ile nyama inaitwaje.

Mimi nilikula bakuli ngapi, hiyo ni siri yangu na Noi.

Gauni Noi alizishona zote. Siku ya komunyo pale Nyundo watoto walitoka kanisani jua limewaka, na wale akina mama waliomzunguka mwaka uliotangulia walimzunguka tena. Safari hii walikuwa wanapapasa vitambaa. Shangazi alisimama katikati, na nilimwona anatafuta mimi niko wapi.

Nilisafiri naye tena na tena baada ya hapo.

Nilichojifunza: adabu uliyofundwa kwenu usiitupe ukifika ugenini, ila usidhani wenzako hawakufundwa. Kaa kwanza, hata kama umeelekea ukutani.

Na ili msiseme nimewaficha: kutoka Bangkok shangazi alibeba vigoda viwili vyekundu vya plastiki. Akaviweka mbele ya duka lake Mbugangari, akidai ni vya wateja. Siku moja nimetoka mpakani na mzigo, njaa inaniuma, akanivutia kigoda kimoja nje, barabarani kabisa, akaniwekea sahani ya sambaza mapajani. Nikasita. Nikamtazama mwalimu mkuu.

Akasimama mbele yangu, akakunjua kitenge chake kama pazia, akanipa mgongo.

"Kula, mwana," akasema. "Mi niko naangalia njia."

Haya wakuu, zamu yenu. Ugenini ulikataa nini siku ya kwanza, na nani alikuonjea?